Vidonge vya kupunguza mwili bila cheti cha daktari: Kikifanya kazi haraka mno, jiulize kuna nini ndani

Fungua status za WhatsApp asubuhi yoyote, hukosi picha mbili za mtu mmoja: kushoto kitambi, kulia kiuno. Chini yake namba ya simu, bei, na ahadi ya kilo 10 ndani ya wiki 2, bila mazoezi, bila kuacha chipsi. Mmoja anauza vidonge, mwingine kapsuli za "mimea asilia", mwingine chai.

Watu wanauliza: hivi vitu vinafanya kazi kweli? Jibu fupi ni hili. Vipo vinavyofanya kazi kidogo. Vipo visivyofanya kazi kabisa. Na vipo vinavyofanya kazi sana. Hilo kundi la tatu ndilo lenye makaburi.

Kwanza pima, ndipo uulize dawa

Unene si jambo la kuchekea. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 890 walikuwa na unene uliopitiliza. Presha, kisukari cha aina ya pili, magoti yanayouma, pumzi kukatika usingizini, vyote vina uhusiano na uzito. Kwa hiyo anayetafuta kidonge si lazima awe anatafuta urembo. Wengi waliambiwa hospitali "punguza mwili", wakaandikiwa tarehe ya kurudi, basi. Namna ya kupungua hakuna aliyewaeleza.

Chukua simu yako, fungua kikokotoo. Gawanya uzito wako wa kilo kwa urefu wako wa mita, halafu jibu hilo ligawanye tena kwa urefu huo huo. Mama mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.60 anapata 32. Hiyo ndiyo BMI. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene unaohesabiwa kuwa ugonjwa.

Dada mwenye urefu huo huo na kilo 60 anapata kama 23, yaani yuko sawa, hata kama hapendi anavyoonekana ndani ya gauni. Dawa za kupunguza uzito hazikutengenezwa kwa ajili yake. Kwake kidonge kina hasara tu. Nalisema hili mapema kwa sababu matangazo mengi yanamlenga huyu wa kilo 60 kuliko yule wa 82.

Na huyu wa 82 hahitaji kurudi kwenye kilo za siku ya harusi. Akipunguza asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 4 mpaka 8, presha na sukari huanza kushuka kwa namna inayoonekana kwenye vipimo. Shika hizo namba, tutazirudia.

Yenye ushahidi ni moja

Nchini Marekani, dawa ya kupunguza uzito iliyoidhinishwa kuuzwa bila cheti ni moja tu: orlistati. Kwenye boksi utaona imeandikwa Orlistat. Ilianza mwaka 1999 kama dawa ya cheti kwa jina la Xenical, kapsuli za miligramu 120. Mwaka 2007 ikaruhusiwa kuuzwa bila cheti kwa dozi ya nusu yake, miligramu 60, kwa jina la Alli. Ulaya ikafuata mwaka 2009. Leo kuna kampuni nyingi zinazoitengeneza kwa majina tofauti, kwa hiyo tazama jina la dawa yenyewe, siyo jina kubwa la biashara.

Inavyofanya kazi si uchawi. Mafuta unayokula hayawezi kupenya ukuta wa utumbo yakiwa mazima. Lazima kwanza yakatwekatwe na kimeng'enya kinachoitwa lipasi. Orlistati inakikamata kimeng'enya hicho, na mafuta ambayo hayakukatwa yanateremka moja kwa moja mpaka chooni. Kwa dozi ya miligramu 60, karibu robo ya mafuta ya mlo wako hayaingii mwilini. Kwa 120, ni karibu asilimia 30.

Haikuzuii kusikia njaa. Haiendeshi moyo mbio. Haiendi kwenye ubongo. Karibu yote inabaki tumboni na kutoka. Mimi nahesabu hiyo kuwa faida yake kubwa kuliko kilo inazopunguza, na tukifika kwenye dawa nyingine utaona kwa nini.

Inapunguza kiasi gani? Maelezo ya Alli kwa watumiaji wa Ulaya yanasema wazi: kila kilo 2 utakazopunguza kwa kubadili chakula, kidonge kinaweza kukuongezea hadi kilo 1. Soma tena hapo. Kilo 2 ni za kwako, kilo 1 ni ya kidonge. Usipofanya lolote kwenye sahani, usitegemee kidonge kibebe mzigo peke yake.

Kuna utafiti mkubwa uliofanyika Sweden na matokeo yake kutoka mwaka 2004, uliitwa XENDOS. Watu 3,305 walifuatiliwa miaka 4. Wote walifundishwa kula vizuri na kutembea. Nusu walipewa orlistati ya 120, nusu kidonge bandia kisicho na dawa. Mwisho wa miaka hiyo, wa orlistati walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.8, wenzao kilo 3. Tofauti ni chini ya kilo 3. Inaonekana ndogo, lakini hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili ilikuwa pungufu kwa asilimia 37 upande wa dawa. Kwa mtu ambaye mama yake na kaka yake wote wana sukari, hiyo si faida ya kudharau.

Lakini sisi tunakula ugali

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Orlistati inakamata mafuta peke yake. Wanga, sukari na pombe vinapita mbele yake kama daladala inayopita kituo kisicho na abiria.

Sasa fikiria sahani ya kawaida: ugali mkubwa, mchicha, maharage, na soda pembeni. Mafuta hapo ni machache. Kidonge kitakamata nini? Ukinywa soda mbili, bia tatu na chapati kavu, orlistati itakuwa imekaa tu inaangalia.

Tupige hesabu. Mtu anayekula gramu 60 za mafuta kwa siku anaondolewa gramu 15 hivi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo ni kalori 135. Soda moja ya chupa ya mililita 350 ina kalori zinazokaribiana na hizo. Yaani anayemeza kapsuli 3 kwa siku huku akinywa soda mbili anatwanga maji kwenye kinu, tena kwa gharama. Anayeacha soda moja kwa siku anapata karibu kilekile bila kununua chochote.

Anayeweza kufaidika zaidi ni yule ambaye chakula chake kimejaa mafuta: chipsi mayai, kuku wa kukaanga, sambusa, wali wa nazi, nyama choma yenye mafuta yanayotona. Ila huyo huyo ndiye atakayeteseka zaidi.

Kuhusu choo, tuseme wazi

Mafuta yasiyoingia mwilini lazima yatoke, na hayatoki kwa adabu. Choo kinakuwa laini na chenye mafuta, haja inakuja kwa ghafla, ukijamba unaweza kutoa na mafuta, nguo ya ndani inapata madoa ya rangi ya chungwa. Maelezo ya dawa yenyewe yanakushauri, siku za mwanzo, uvae nguo ya rangi nyeusi na utembee na nguo ya kubadilisha. Sasa jione umebanwa ndani ya daladala ya Mbagala jioni, foleni haisogei.

Namna ya kukwepa hayo ni kula mafuta kidogo, na kuyagawa kwenye milo yote mitatu badala ya kuyamalizia kwenye mlo mmoja. Kuna watu ambao hofu hiyo ndiyo inayowafanya waache chipsi. Kidonge kinakuwa askari. Sioni ubaya wake, mradi ujue unalipia askari.

Kingine ni vitamini A, D, E na K. Hizi husafiri na mafuta, kwa hiyo zinatoka nayo. Ndiyo maana mtumiaji hushauriwa kumeza vitamini mchanganyiko usiku wakati wa kulala, mbali na saa ya orlistati. Madhara makubwa ya ini yamewahi kuripotiwa, ni nadra sana, lakini mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza yaandikwe kwenye maelezo ya dawa. Wenye mawe ya figo nao wamuulize daktari kwanza. Wajawazito, wanaonyonyesha na walio chini ya miaka 18 waiache.

Kama unatumia ARV au dawa ya kila siku, hapa ndipo pako

Sehemu hii inahitaji kusomwa polepole.

Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kwamba orlistati inaweza kupunguza kiasi cha ARV kinachoingia mwilini. Dawa ikiingia pungufu, virusi vinaweza kupanda wakati mtu anameza vidonge vyake kila siku bila kukosa. Hataona dalili yoyote mpaka apimwe.

Kwetu Afrika Mashariki hili si jambo la pembeni. Dawa inayotumika sana sasa, dolutegravir, imeonekana kuongeza uzito kwa baadhi ya watu, hasa wanawake. Utafiti wa ADVANCE wa Afrika Kusini, uliotoka mwaka 2019, ulionyesha hivyo. Kwa hiyo mtu anaanza dawa, afya inarudi, mwili unaongezeka, nguo hazimtoshi, na kwa sababu hataki maswali anaagiza kidonge kimyakimya. Hamwambii nesi wa kliniki kwa sababu haoni kama vinahusiana. Vinahusiana. Kama ni wewe, lizungumze siku yako ya kliniki kabla ya kumeza. Na usiache wala kupunguza ARV kwa sababu ya unene.

Tahadhari inawahusu pia wanaotumia dawa za kifafa, dawa ya tezi ya shingo (hii inatakiwa ipishane na orlistati kwa saa 4 angalau), warfarini ya kuzuia damu kuganda, na siklosporini wanayopewa waliopandikizwa figo. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, akiharisha sana kwa sababu ya dawa hii, ajue kinga imepungua, atumie na kondomu. Mwenye kisukari anaweza kuhitaji kupunguziwa dozi ya dawa zake kadiri anavyopungua, vinginevyo sukari itashuka kupita kiasi. Hilo ni la daktari, siyo la kukisia.

Zile zinazofanya kazi sana

Sasa twende kwenye kundi la makaburi, na inabidi turudi nyuma kidogo.

Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, wafanyakazi wa viwanda vya silaha Ufaransa walikuwa wakishika unga wa njano wa kutengenezea mabomu unaoitwa DNP. Walikuwa wakikonda, wakitokwa jasho na kupata homa, wengine wakafa. Mwaka 1933 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakaonyesha kwamba unga huo unaunguza mafuta ya mwili kweli. Madukani ukaanza kuuzwa kama dawa ya kukondesha. Ukafanya kazi vizuri kabisa. Watu walikonda, halafu wengine wakapata mtoto wa jicho wakiwa bado vijana, wengine joto la mwili likapanda mpaka wakafa. Mwaka 1938 ukapigwa marufuku kwa matumizi ya binadamu.

Unadhani umeisha? Mwaka 2015 mwanafunzi wa kike wa miaka 21 nchini Uingereza alikufa baada ya kumeza vidonge vya DNP alivyonunua mtandaoni. Mwaka huo huo Interpol ikatoa tahadhari kwa nchi 190. DNP haina dawa ya kuitengua ikishaingia mwilini.

Kisha kuna PPA. Hii kwa miaka mingi ilikuwa kidonge halali kabisa cha kukata hamu ya kula, kikiuzwa bila cheti kwenye maduka ya kawaida ya Marekani, na pia kilikuwemo ndani ya dawa za mafua. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walikuta kwamba wanawake waliokitumia kwa ajili ya kupunguza mwili walikuwa na hatari ya kuvuja damu kwenye ubongo zaidi ya mara 16 kuliko wasiotumia. Hao ni wanawake wa umri wa miaka 18 hadi 49. Kikaondolewa. Mmea wa efedra, uliokuwa ndani ya virutubisho vya "kuchoma mafuta", ukafuata kwa kupigwa marufuku mwaka 2004 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Angalia vinavyofanana. Vyote vilipunguza uzito kwa kuubana mwili wenyewe: kuupandisha joto, kuuendesha moyo mbio, kuidanganya akili isihisi njaa. Mwili unakonda kwa sababu umeshtuliwa. Ndiyo maana nilisema faida kubwa ya orlistati ni kwamba inabaki tumboni.

Ya mwisho kwenye orodha hii ndiyo inayokuhusu zaidi, maana bado inazunguka. Inaitwa sibutramini. Ilikuwa dawa ya cheti, ikijulikana kama Meridia au Reductil, na ilikata njaa kwelikweli. Utafiti wa watu karibu 10,000 wenye matatizo ya moyo, au walio hatarini kuyapata, ulionyesha ongezeko la asilimia 16 la mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo. Mwaka 2010 ikaondolewa Ulaya na Marekani.

Ikaondolewa kwenye famasi, ikahamia kwenye kopo la "mimea".

"Ni ya asili, haina madhara"

Kuanzia mwaka 2007 hadi 2016, FDA ilibaini virutubisho 776 vilivyochanganywa na dawa za siri. Kati yake 317 vilikuwa vya kupunguza uzito. Na ndani ya hivyo 317, vilivyokuwa na sibutramini ni 269, yaani zaidi ya vinane katika kila kumi. Kwenye lebo palikuwa na majina ya mimea tu.

Kwa hiyo rafiki yako akikwambia, "Hii ya asili imenikata njaa siku ya kwanza, nilikunywa maji tu mpaka jioni, ila mdomo unakauka na usiku silali," usimwombe namba ya muuzaji. Mdomo mkavu, kukosa usingizi, moyo kupiga kwa nguvu, hizo ni dalili za sibutramini zilizokuwa zimeandikwa kwenye boksi lake enzi za uhalali wake. Majani hayafanyi hivyo siku ya kwanza.

Na mimea halisi je? Mingi haifanyi kitu. Garcinia, ambayo imeuzwa sana kwenye makopo, ilijaribiwa kwa watu 135 kwa wiki 12, matokeo yakachapishwa mwaka 1998: hakukuwa na tofauti na kidonge bandia. Mwaka 2009 virutubisho vya Hydroxycut viliondolewa sokoni Marekani baada ya ripoti 23 za madhara makubwa, mengi yakiwa ya ini, na kifo kimoja. Chai ya kijani ukinywa kikombe haina tatizo, lakini ikikamuliwa nguvu zake zote zikaingizwa kwenye kapsuli, imewaumiza watu ini.

Nyuzinyuzi za glukomanani ziko nafuu kidogo. Ulaya imekubali zielezwe kuwa zinasaidia kupungua, gramu 3 kwa siku pamoja na kupunguza chakula. Zinavimba tumboni ukajisikia umeshiba. Zinahitaji maji mengi, la sivyo zinavimba kooni na kukukaba.

Halafu kuna chai ya kukata kitambi. Soma viungo vyake, mara nyingi utamkuta rafiki yetu wa zamani, sanamaki. Bibi zetu wa pwani walimjua kama dawa ya tumbo lililofunga, na hakuna aliyemtumia kila siku mwezi mzima. Sanamaki anafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula imeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba huko nyuma. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mzani unashuka kilo 2, unakunywa maji, zinarudi. Ukiendelea kwa wiki nyingi, potasiamu inashuka, na moyo unahitaji potasiamu ili upige sawasawa.

Hesabu ya kilo 10 kwa wiki 2

Hii ifanye mwenyewe siku utakapotumiwa tangazo. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori kama 7,700. Kilo 10 ni 77,000. Gawanya kwa siku 14, unapata kalori 5,500 kwa siku. Mtu wa kawaida anatumia kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku nzima, kazi na usingizi ndani yake. Yaani hata ukifunga kula kabisa siku zote 14, hufiki hata nusu ya ahadi kwa mafuta peke yake. Kwa hiyo ama muuzaji anadanganya, ama atakutoa maji, ama atakupa kitu cha kuunguza mwili. Hakuna jibu la nne.

Vipi zile sindano wanazosema?

Semaglutaidi, yaani Ozempic na Wegovy, siyo ya bila cheti, ila najua utauliza. Hii inafanya kazi kweli: kwenye utafiti wa mwaka 2021, waliochomwa walipungua karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, wenzao asilimia 2.4. Walioacha sindano walirudishiwa takriban theluthi mbili ya uzito huo ndani ya mwaka. Ni dawa ya kusimamiwa na daktari. Mwezi Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari ya Ozempic feki zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama feki zimepenya huko, ile inayouzwa kwenye DM bila friji sitaki hata kuifikiria.

Kabla hujatuma pesa

Kama BMI yako ni 28 kwenda juu na umeamua kujaribu orlistati, nenda famasi yenye kibali, siyo kwa mtu. Mtajie mfamasia kila dawa unayotumia, hata ile usiyopenda kuitaja. Mwambie mkae pembeni. Hesabu bei vizuri: dozi ni kapsuli 3 kwa siku, moja kila mlo wenye mafuta, kwa hiyo pakiti ya 30 ni ya siku 10, siyo mwezi. Ukikosa mlo, au mlo hauna mafuta, usimeze. Usiongeze dozi ukidhani utapungua zaidi, hakuna faida inayoongezeka, ni choo tu. Na jiwekee tarehe: maelezo ya Ulaya yanasema kama wiki 12 zimepita hujapungua, acha ukamwone daktari, na bila daktari usipitishe miezi 6.

"Imethibitishwa na FDA" kwenye kopo la virutubisho ni uongo wa wazi, kwa sababu kwa sheria ya Marekani FDA haivithibitishi virutubisho kabla havijauzwa. Mistari ya bar code nayo ni ya kuuzia dukani, haisemi lolote kuhusu usalama. Unachotafuta ni kama dawa imesajiliwa na mamlaka ya nchi yako: TMDA kwa Tanzania, Bodi ya Famasi na Sumu kwa Kenya, NDA kwa Uganda.

Kama pesa ya kapsuli inakuuma, kuna njia ambayo imewahi kushindanishwa na dawa na ikashinda. Marekani, mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari waligawanywa. Waliopewa metformini walipunguza hatari kwa asilimia 31. Walioelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki walipunguza kwa asilimia 58. Dakika 150 ni kama nusu saa kwa siku 5. Ni kushuka vituo viwili kabla ya nyumbani.

Kama tayari umeshaanza kutumia

Acha kidonge na uende hospitali siku hiyo hiyo ukiona macho au ngozi inageuka njano, mkojo una rangi ya chai ya rangi, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio umekaa tu, kichwa kinauma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, upande mmoja wa mwili unalegea, au mwili unachemka na jasho halikatiki.

Beba kopo lenyewe, hata kama limebaki tupu, na picha ya tangazo kwenye simu. Daktari hawezi kukisia kilichomo ndani ya "mimea asilia", na kopo hilo linaweza kupelekwa maabara. Waombe wairipoti kwa mamlaka ya dawa, au iripoti mwenyewe, kwa sababu kopo kama lako liko kwenye status ya mtu mwingine sasa hivi.